Ukombozi Kinywani mwa Mtawala: Kukisoma Upya Kizazi cha Tano cha Pokémon kwa Jicho la Ngano za Mazimwi

Ikisiri

Makala hii inahakiki kizazi cha tano cha michezo ya video ya Pokémon, yaani Black na White (2010) pamoja na miendelezo yake miwili ya mwaka 2012. Mchezo unachukuliwa hapa kama masimulizi, na unasomwa sambamba na ngano ya Sultani Majinuni, methali ya zimwi na tafsiri ya Shamba la Wanyama. Hoja kuu ni kwamba kizazi hiki kiliuliza swali zito kuliko vilivyokitangulia, yaani uhalali wa kummiliki kiumbe mwenye fahamu, lakini kikalikwepa kwa kulitia kinywani mwa mnafiki. Makala inaonesha pia kuwa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili unalirudisha swali hilo mezani.

1.0 Utangulizi

Mwisenge, mjini Musoma, inafahamika zaidi kwa shule ya msingi ambako Julius Nyerere alianza masomo mwaka 1934. Katika mtaa huo, jioni moja, mwandishi wa makala hii aliwasimulia wapwa zake kisa cha mchezo ambao yeye mwenyewe aliwahi kuucheza hadi mwisho. Alipofika pale ambapo mtoto anamrushia mnyama mpira na mnyama anatoweka ndani yake, mpwa mdogo aliuliza: “Na yeye aliulizwa kama anataka?” Simulizi ilikatika hapo. Makala hii ni jaribio la kumjibu.

Mfululizo wa Pokémon ulianza nchini Japani mwaka 1996 ukiwa na viumbe 151. Kizazi cha tano kilitolewa huko Septemba 2010 kwa ajili ya kifaa cha Nintendo DS, kikaongeza viumbe 156 na kufikisha jumla ya 649. Mandhari yake, nchi ya kubuni iitwayo Unova, ilichorwa kwa kuangalia New York; kabla ya hapo nchi zote za michezo mikuu zilifuata maeneo ya Japani. Uamuzi wa kijasiri zaidi ulikuwa kwamba mchezaji hakutani porini na kiumbe yeyote wa zamani mpaka amalize kisa kikuu. Mkongwe na mgeni wanaanza sawa, kwa kuwa wote hawamjui yeyote.

2.0 Kukusanya na kumeza: Ngano ya Sultani Majinuni

Kukusanya mazimwi si jambo geni katika fasihi simulizi ya Kiswahili. Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyiko wa Edward Steere (1870), paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo na kuishia kula watu. Kila anaposhtakiwa, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia. Paka anakua hadi kuwa nunda mla watu, na hata wana wa sultani hawasalimiki. Ndipo kitindamimba anapoingia mwituni. Anaua mnyama, anampeleka kwa mama yake akidhani ndiye nunda, na mama anamwambia siye. Anarudi tena na tena, kila mara na mnyama mwingine: punda milia, twiga, kifaru, ndovu, hadi anapompata nunda mwenyewe.

Muundo huu una mambo matatu yanayopatikana pia katika Pokémon: kijana anayeondoka nyumbani, orodha ya wanyama inayopanda ngazi kwa ngazi, na mjuzi anayethibitisha kila kilicholetwa. Kazi ya mama katika ngano inafanywa katika mchezo na profesa pamoja na kamusi ya kielektroniki. Lakini tofauti zina uzito kuliko mfanano. Kwanza, orodha ya kitindamimba ina kikomo, kwa sababu anatafuta mmoja tu, na wengine wote ni makosa ya utambuzi. Orodha ya mchezaji ndiyo lengo lenyewe. Pili, katika ngano zimwi ndilo linalomeza watu, ilhali katika mchezo mtoto ndiye anayeyameza mazimwi, mpira baada ya mpira, na kuyabeba mfukoni.

Tatu, na hili ndilo la msingi, ngano inajua zimwi linatoka wapi. Nunda hakuzaliwa nunda. Alikuzwa na kauli ya umiliki: “ni wangu.” Jamii ya Sultani Majinuni inaangamia kwa sababu mwenye mali alidhani haki ya kumiliki inafuta wajibu wa kuhukumu. Vizazi vinne vya kwanza vya Pokémon vilipita kando ya jambo hili. Cha tano ndicho kilichothubutu kulitamka.

3.0 Hotuba ya Ghetsis na hoja iliyozikwa

Mapema katika Black na White, katika uwanja wa mji wa Accumula, Ghetsis wa kundi la Team Plasma anauhutubia umma. Anawataka watu wawaachie huru Pokémon wao, kwa maelezo kwamba wanatumikishwa bila ridhaa. Msomaji wa Juliasi Kaizari, tafsiri ya Nyerere, anaijua hali hii: umati uwanjani, msemaji hodari, na neno zuri linalotembea mbele ya nia. Wakati huohuo wafuasi wa Ghetsis wanampora mtoto mdogo mnyama wake, na wengine wanampiga mateke Munna ili atoe ukungu wa ndoto. Mwishoni Ghetsis anakiri kwamba alitaka watu wote wawaachie Pokémon ili yeye peke yake abaki na nguvu hizo.

Kama picha ya mtawala anayevaa joho la ukombozi, hili limechorwa vizuri. Kasoro iko katika matumizi yake. Mchezo unaufichua unafiki wa msemaji, kisha unatenda kana kwamba hoja nayo imeanguka. Lakini uongo wa Ghetsis kuhusu nia yake hauthibitishi chochote kuhusu hali ya aliyemo ndani ya mpira. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere (1967), inatoa kipimo cha haki. Humo pia ukombozi unasalitiwa na waliouhubiri, lakini usaliti wa nguruwe haumsafishi mkulima wa awali. Msomaji anafunga kitabu akiwa na mashtaka mawili mkononi. Mchezaji wa Black na White anafunga kifaa akiwa na shtaka moja, huku la pili likiwa limefutwa kwa siri.

Kinachouokoa mchezo usianguke kabisa ni mhusika N. Alilelewa miongoni mwa Pokémon walioumizwa na watu, anasikia sauti zao, na vita vyake anapigana akiwa na viumbe wa eneo alilopo. Chumba chake ndani ya kasri, kilichojaa midoli, kinaeleza utoto ulioibwa kuliko hotuba yoyote. N anaamini kwa dhati, na ndiye anayeshuhudia kwamba Pokémon wa mchezaji wanampenda bwana wao. Ushahidi huo ni wa kweli ndani ya kisa, ila unamfikia mchezaji kupitia mkalimani mmoja tu. Mwenye kesi hasikiki.

Miendelezo ya 2012, iliyowekwa miaka miwili baadaye kisimulizi, inakiri upungufu huu kwa kiasi. Team Plasma imegawanyika: sehemu moja inamfuata Ghetsis, na nyingine inajitahidi kurudisha wanyama walioporwa. Toba inapewa nafasi, lakini inahusu wizi. Kuhusu umiliki hakuna anayetubu.

4.0 Zimwi na upatanisho wa kisarufi

Kumsimulia mtoto mchezo huu kwa Kiswahili kunamlazimisha msimulizi achague. Methali husema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa zimwi linachukua upatanisho wa LI-, ingawa nomino za viumbe hai kwa kawaida huchukua ule wa A-WA. Sarufi ya methali inaliweka zimwi nje ya uga wa wenye nafsi. Katika usimulizi, hata hivyo, husikika pia “zimwi akaja”, hasa linapopewa usemi na hila.

Nikisema “limenaswa”, nimesimulia uwindaji. Nikisema “amenaswa”, nimesimulia utekaji. Bila kupanga, nilikuwa nimesema “amenaswa”, kwa kuwa dakika chache kabla nilimwelezea mnyama huyo akiogopa na akifurahi. Kiambishi hicho kimoja kilitosha kumfanya mtoto amwone mtendwa kama mwenye hiari, na mwenye hiari huulizwa. Methali nayo inaongeza jambo ambalo mchezo haukulifikia: kujuana hupunguza madhara, hakuyaondoi. Zimwi linalokujua bado linakula. Mapenzi kati ya mtoto na Pokémon, ambayo mchezo unayatoa kama jibu la mwisho, kwa mizani ya methali ni nafuu, nayo nafuu haijawa haki.

5.0 Hitimisho

Kizazi cha tano kinastahili kukumbukwa kwa zaidi ya wingi wa viumbe wake. Kilikuwa na ujasiri wa kuufungulia kesi mfululizo wenyewe, kikamwandika N, shahidi mwaminifu, kisha kikaifunga kesi kwa kosa la wakili. Ngano ya Sultani Majinuni, iliyo kongwe mno kuliko kifaa chochote cha kuchezea, ilikuwa imekwisha kuonya kwamba hatari huanzia pale mwenye mali anapojibu “ni wangu” alipotakiwa kujibu swali jingine. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawana sababu ya kuiachia michezo ya video wataalamu wa kompyuta pekee, kwa maana watoto wetu tayari wanaipokea kama ngano, na wanaiuliza maswali ya ngano.

Mpwa wangu nilimjibu jioni ileile kwamba hakuulizwa. Alinyamaza kidogo, kisha akataka niendelee kusimulia.