Kamemanfu, dume wa tatu wa Mahale

Mwaka 1976, katika milima ya Mahale, kusini mwa mji wa Kigoma, kundi moja la sokwe ambalo watafiti waliliita K lilikuwa na madume watatu waliokomaa. Kasonta ndiye aliyekuwa mkuu, na Sobongo alikuwa akikinyemelea cheo chake. Wa tatu, Kamemanfu, hakuwa na uwezo wa kumwangusha yeyote kati ya hao wawili. Hata hivyo, ugomvi wao ulipokolea, yeye ndiye aliyeamua nani asimame na nani aporomoke. Alifanyaje? Swali hilo linanivutia kuliko habari zote za mapigano ya sokwe, kwa sababu jibu lake halimo kwenye misuli.

Tunayajua haya kwa kazi ya subira. Toshisada Nishida, mtafiti kutoka Japani, alianza kazi Mahale mwaka 1965, na mwaka uliofuata sokwe wa kundi K wakaanza kuzoeshwa kwa miwa. Pamoja naye walikuwapo wasaidizi wa Kitongwe, wenyeji wa misitu ile, ambao macho na miguu yao imebeba sehemu kubwa ya elimu hii bila kutajwa inavyostahili. Kila sokwe alijulikana kwa sura na jina. Baada ya hapo ikawa ni kuandika tu: nani kamchambua nani manyoya, nani kaingilia ugomvi, na kwa faida ya nani. Kipimo kikuu ni mguno wa heshima, ule wa kuhema kwa mkato, ambao wa chini humtolea aliye juu yake. Mguno huo ukikoma, cheo kimeanza kuyumba hata kama hakuna aliyeinua mkono.

Sasa tuitazame mbinu yenyewe. Kasonta na Sobongo walikuwa wamekaribiana sana kwa nguvu. Wawili wakikaribiana hivyo, uzito mdogo wa mtu wa tatu unatosha kuilaza mizani. Kamemanfu aliegemea upande mmoja, huyo akapata nguvu. Akahamia upande wa pili, na mambo yakageuka. Kwa desturi dume mkuu huwafukuza wenzake wasiwakaribie majike walio kwenye joto. Lakini nani angethubutu kumfukuza Kamemanfu wakati ule? Kumuudhi kulikuwa sawa na kumkabidhi kwa adui. Hivyo, katika kipindi cha vurugu, dume wa tatu akawapata majike kwa kiasi ambacho cheo chake kisingemruhusu siku za utulivu. Nishida aliuchapisha uchambuzi huo mwaka 1983.

Wengi watasema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nadhani methali hiyo haimtoshi Kamemanfu, kwa kuwa kunguru hungoja pembeni hadi panzi wachoke. Kamemanfu alikuwa ndani ya vita, na kwa ninavyoona mimi, faida yake ilitegemea vita visiishe. Mmoja akishinda kabisa, hana haja tena na msaidizi. Kwa hiyo kule kugeukageuka, ambako tungekuita kukosa msimamo, ndiko kulikokuwa msimamo wake.

Mwaka huohuo wa 1976, katika bustani ya wanyama ya Arnhem, Uholanzi, Frans de Waal alikuwa akishuhudia mambo yanayofanana na haya: Yeroen, dume mkongwe, aliangushwa na Luit, kisha akamwinua kijana Nikkie na kujipatia majike kwa mgongo wake. Mtu angeweza kusema hayo ni matokeo ya kufungiwa mahali pamoja. Mahale hakuna kuta, na hapo ndipo ushahidi wa Nishida unapokuwa na thamani ya pekee.

Gombe, kaskazini mwa Kigoma, inatuonyesha ushirika wa namna nyingine. Figan alipanda kuwa mkuu mwaka 1973 akisaidiwa na kaka yake Faben, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umepooza kwa polio tangu 1966. Faben hakuuza msaada wake kwa mpinzani. Alipotoweka mwaka 1975, Figan alibaki bila mtu wa kumtegemea kwa namna ile. Udugu hauna mnada, lakini pia hauna akiba: ukimpoteza ndugu, hununui mwingine.

Tukirudi Mahale, aliyepata dawa ya vigeugeu ni Ntologi, aliyetawala kundi jirani la M, kubwa kuliko K, kwa zaidi ya miaka 10 kuanzia 1979. Nyama ya mbega ikimfikia mikononi, aliigawa kwa kuchagua. Wazee walipata, madume wa kati walipata, majike walipata. Dume wa pili na vijana waliokuwa wakipanda hawakupata. Tazama hesabu hiyo: kila ambaye angeweza kufanya kazi ya Kamemanfu alilishwa mapema, kabla mpinzani hajamfikia, na mpinzani mwenyewe akaachwa bila kitu cha kugawa.

Mwaka 1991 Ntologi aling'olewa, akaishi pembeni ya kundi, na mwaka uliofuata akarudi kutawala. Mwaka 1995 alikutwa akiwa hoi kwa majeraha, akafa. Aliyeshika nafasi yake ile mara ya kwanza ni Kalunde. Huyo naye baadaye, uzeeni, alipokuwa hawezi tena kutawala, watafiti walimwona akiwachezesha madume vijana waliogombea ukuu, akimwegemea huyu kisha yule.