Mabinti wa Kapkatet

Ukitaja mtunzi, watu huwaza piano na karatasi za nota. Pongezi zangu naelekeza Kapkatet, nchi ya chai huko Kenya, ambako mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis, Chemutoi Ketienya akiwaongoza, wakiimba "Chemirocha" kwa chepkong, kinubi cha kwao. Chemirocha ni jina la Jimmie Rodgers kwa matamshi ya huko, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933 na kufika huku kwa santuri tu. Mabinti wakamfanya kiumbe, nusu mtu nusu swala. Utunzi huo! Sauti ya mgeni imepokewa, ikatiwa kwenye nyuzi za nyumbani, ikatoka na kwato. Zaidi ya miaka 60 baadaye, rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet.