Kushusha na Kufunua

Misheni ya Mbozi iliasisiwa na Wamoravian mwaka 1899 katika nchi ya Wanyiha. Traugott Bachmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa hapo, alilifasiri Agano Jipya kwa Kinyiha, nalo likapigwa chapa mwaka 1913. Katika kazi kama ile kila mfasiri hukutana na Waraka kwa Wafilipi, sura ya pili, isimuliayo jinsi Kristo alivyojishusha. Hapo ujuzi wake hujaribiwa: je, kushuka huko ni sifa au ni aibu?

Biblia ya Kilatini hapo yatumia kitenzi humiliare, kilichotokana na humilis, maana yake ‘-a chini’, neno lenye nasaba moja na humus, yaani udongo. Katika mzizi huo Kiingereza kimepata watoto wawili: humility, ambalo ni jina la sifa njema, na humiliate, ambalo leo maana yake ni kumvunjia mtu heshima. Kiswahili hakikuwalaza watoto hao chumba kimoja. Anyenyekeaye hujishusha kwa hiari yake. Adhalilishwaye hushushwa na mwingine.

Mara nyingi neno humiliate hufasiriwa pia kwa ‘fedhehesha’, kana kwamba maneno hayo ni pacha. Sivyo. Fedheha yatoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunua lililositirika; haiwi bila macho ya watu. Kudhalilisha kwaweza kutendeka gizani.

Tofauti hiyo yaonekana katika Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952. Ndugu wawili wa Adili wamegeuzwa manyani, naye ameamriwa kuwapiga kila usiku. Kuwatoa katika utu na kuwatia katika unyama ni kuwadhalilisha. Lakini maadamu jambo limefichwa, fedheha haijazaliwa. Huzaliwa habari inapofika kwa mfalme Rai, na Adili, ambaye ndiye aliyedhulumiwa, akalazimika kuyafunua mambo ya nduguze. Fedheha, basi, humgusa hata asiye na kosa.

Kwa hiyo mfasiri aandikaye ‘fedhehesha’ kila mahali humpotezea haki yake mtu aliyeonewa faraghani, kwa kuwa neno hilo ladai mashahidi ambao hakuwa nao. Yampasa aulize kwanza ni nani aliyeshusha, kisha ni nani aliyeona.