Chombo Hupimwa kwa Mkono Unaokitumia

Mtu atakaye kujua ubora wa jembe hatazami rangi ya mpini wake. Humwendea mkulima akamwuliza kama lalima vema, na kama jioni mgongo haumwumi. Kwa kipimo hicho nataka tuhukumu chombo cha namna nyingine, yaani programu ya kompyuta ambayo serikali huitumia kutunza majalada ya kesi. Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya mafundi, wala hayastahili uhakiki kama kitabu au utenzi. Sikubaliani nao. Kila kitu kilichotungwa na mtu kwa ajili ya mtu mwingine chaweza kusifiwa au kulaumiwa.

Mfano wangu watoka Marekani, katika idara ya upelelezi iitwayo FBI. Tangu mwaka 1995 idara hiyo ilitumia programu iliyokuwa mzigo kwa watumishi wake. Haikuwa na kipanya. Ilimpasa mpelelezi kukumbuka kazi ya kila kitufe, na kupita ukurasa baada ya ukurasa ili aweke hati moja tu. Basi wengi waliikwepa wakashikilia karatasi zao.

Mwezi Mei 2001, siku chache kabla ya Timothy McVeigh kuuawa kwa hukumu ya mahakama, ilitangazwa kwamba maelfu ya kurasa za upelelezi hayakupewa mawakili wake. Hukumu ikaahirishwa karibu mwezi mzima. Wakaguzi walipochunguza walisema kuwa kosa kubwa lilikuwa la watu, si la kompyuta. Lakini hawakuficha kwamba programu ile ilikuwa imepitwa na wakati na ngumu kutumia. Hapo twaona kuwa jalada si karatasi tu. Ndani yake mna uhai wa mtu na haki ya wale waliodhulumiwa.

Programu ya pili ilianza kutungwa mwaka huo wa 2001. Mahitaji yake yaliandikwa katika waraka wa kurasa zaidi ya 800, na bado yakawa yanabadilika kila mara. Mwaka 2005 kazi hiyo ilitupwa, baada ya dola zipatazo milioni 170 kutumika. Kwa maoni yangu, kasoro yake haikuwa uchache wa maneno bali wingi wake. Watungaji walitaka kusema yote kabla mtumiaji hajagusa lolote. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kurasa 800 hazimwonyeshi mtu kunguni hata mmoja.

Programu ya tatu, iliyoitwa Sentinel, ilianza mwaka 2006, nayo ikachelewa vilevile. Mwaka 2010 idara iliichukua kazi mikononi mwake, ikaipa kundi dogo la mafundi. Hawa waliigawa kazi katika vipindi vya wiki mbili mbili, na kila kipindi kilipokwisha walionyesha sehemu iliyokamilika, wakaambiwa penye ubovu, wakatengeneza. Mwezi Julai 2012 programu hiyo ilianza kutumika katika idara nzima. Sifa hiyo ni haki yao.

Lakini mhakiki mwaminifu hamalizii kwenye sifa. Mwaka 2014 wakaguzi waliwauliza watumishi wenyewe. Walikuta kwamba programu ilikuwa imeisaidia kazi kwa jumla. Ila kati ya wale walioitumia kutafuta habari, chini ya nusu ndio waliosema kuwa mara nyingi walipata walichokihitaji. Ghala lililojaa nafaka lafaa nini ikiwa mlango wake haufunguki?

Msomaji, huenda siku moja ukawa karani, hakimu, au fundi wa kutunga programu kama hizi. Ukipewa kazi ya kutengeneza upya chombo cha serikali, usianze kwa kuuliza kina uwezo gani. Keti kwanza kando ya yule atakayekitumia tangu asubuhi hata jioni, uangalie mkono wake unasita wapi. Pale unaposita ndipo kazi yako inapoanzia. Na nyuma ya mkono huo yuko mwananchi anayesubiri haki yake, ambaye hataiona programu hiyo maisha yake yote.