Kitanda cha Odysseus

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, katika utenzi wa Wayunani wa kale uitwao Odyssey, ambao tangu zamani husemwa kuwa ni wa Homer. Alipigana vita vya Troy miaka 10, kisha akatangatanga miaka 10 mingine kabla ya kuiona tena nyumba yake. Wengi wausomao hupendezwa zaidi na mambo ya baharini: lile jitu lenye jicho moja, na wale waimbaji wapotezao mabaharia. Sisi twaona kwamba maana ya safari ile haimo baharini, bali imo chumbani, katika kitanda.

Na tuutazame utenzi wenyewe. Una vitabu 24, na katika kitabu cha 13 Odysseus amekwisha kufikishwa Ithaca. Basi nusu ya habari yote ni ya baada ya kufika! Tena alifikishwa hali amelala usingizi. Mabaharia waliomleta wakamlaza mchangani, wakaenda zao. Alipoamka, ukungu umetanda, hakuitambua nchi yake, akajiuliza amefika kwa watu gani. Hapo mtunzi atufundisha kwamba miguu yaweza kufika nyumbani, na mtu mwenyewe asiwe amefika bado.

Ndipo zikafuata alama za kutambuliwa. Mbwa wake Argos, mzee aliyelala juu ya samadi, alimjua, akatikisa mkia, akafa. Yaya Eurycleia alimjua kwa kovu la mguuni alipokuwa akimwosha. Lakini mkewe, Penelope, hakuridhika upesi. Aliamuru kitanda chao kitolewe nje ya chumba. Odysseus akakasirika, kwani alikitengeneza kwa mikono yake, na nguzo yake moja ilikuwa shina la mzeituni lenye mizizi ardhini. Nani angeweza kukihamisha? Kwa neno hilo Penelope akaamini. Hiyo ndiyo maana ya kurudi: kulikuta lile lisilohamishika, na kumkuta aliyelitunza. Ndiyo sababu Odysseus, alipokaa miaka 7 kwa Calypso na kuahidiwa kutokufa kamwe, alikataa.

Hata hivyo hatuwezi kusifu yote. Odysseus aliwaua wote waliokuwa wakimposa mkewe, na mwanawe Telemachus akawanyonga wajakazi 12. Ni kweli kwamba Odysseus alimkataza Eurycleia asishangilie juu ya maiti. Tena jamaa za waliouawa walipokuja kulipiza kisasi, Athena, mungu wao wa kike, alivikomesha vita, wakapatana. Yaonekana mtunzi alijua ya kuwa nyumba iliyosafishwa kwa damu haijatulia. Lakini wajakazi wale hawakupata wa kuwatetea.

Sisi tuliosoma habari za mwana mpotevu katika Injili ya Luka twajua kurudi kwa namna nyingine. Odysseus alirudi kuhukumu. Mwana yule alirudi akingoja kuhukumiwa, na baba akamkimbilia angali mbali.

Basi twawashauri walimu wenzetu wawasimulie wanafunzi utenzi huu, kwa kuwa ni hazina kubwa. Lakini wafikapo penye wajakazi wale 12, wasipapite upesi. Wasimame kidogo, wawaulize watoto: je, hapo Odysseus amekwisha kufika kwake?