"Ukuti" Mkononi: Wimbo wa Duara Unavyogeuka Kazi ya Chekechea

Kazi ya mikono inayofuatana na wimbo wa chekechea naipima kwa swali moja: mkono unafanya kile ambacho wimbo unakifanya, au unaupamba tu? Kwa kipimo hicho, "Ukuti" unazishinda nyimbo nyingi zilizojaa kwenye vitabu vya rangi.

Tuutazame ulivyoundwa. Watoto wanashikana mikono, wanazunguka, na upepo ukitajwa miili inatikisika. Ufundi wenyewe uko kwenye kitenzi cha mwisho, kile cha kutetemeka. Hakiimbwi chote kwa mkupuo mmoja. Silabi zake za mwanzo zinatolewa, zinarudiwa, ndipo neno linakamilishwa. Mtoto wa miaka minne hajawahi kusikia habari za silabi, lakini ameshalikata neno vipande na kuliunga tena, huku anacheka. Akifika darasa la kwanza, kwenye KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), atapewa kazi hiyohiyo ubaoni, safari hii bila kicheko.

Nyimbo za Kiingereza zina kazi yake nyingine. Watafiti wa Oxford, Morag Maclean, Peter Bryant na Lynette Bradley, walionyesha mwaka 1987 kwamba mtoto wa miaka mitatu anayezijua vizuri nyimbo hizo huwa mwepesi baadaye kuzipambanua sauti zilizomo ndani ya maneno. Huko vina vinabeba mzigo mkubwa. Kwetu karibu kila neno linaishia na irabu, vina vinapatikana bure, na mlango wa kusoma ni silabi. Mwalimu anayechukua zoezi la "tafuta maneno yenye kina kimoja" na kulileta kama lilivyo anamchosha mtoto kwa jambo ambalo tayari analo.

Halafu kuna zile nyota. Shairi la Jane Taylor la mwaka 1806, ambalo dunia inaliimba kama "Twinkle, Twinkle, Little Star", limezaa nyota za karatasi zisizo na idadi: mwalimu anachora, mwalimu anakata, mtoto anabandika. Zinapendeza ukutani siku ya wazazi. Ila hiyo ni kazi ya mwalimu.

Sasa chukua ukuti wenyewe, mbichi, kwa sababu mkavu unapasuka ukikunjwa. Uchane pande zote mbili za uti wake: unapata mikanda miwili na chelewa moja. Mkanda mmoja ni wa silabi. Watoto wanaimba lile neno la mwisho polepole, na kwa kila silabi wanakunja kipande, kwenda mbele na kurudi nyuma, mpaka neno liishe. Wa-te-te-me-ka: silabi tano, vyumba vitano, mikunjo minne. Hapo ugomvi unaanza, maana wengine wanahesabu mikunjo na wengine vyumba. Mwalimu asiharakishe kusuluhisha. Aweke kizibo cha soda juu ya kila chumba, waimbe tena huku wakigusa kizibo kimoja kimoja, na jibu litajitokeza lenyewe. Somo la lugha limekuwa la hesabu bila mtu kutangaza.

Ukuti wa pili unatoa feni. Mikanda yake miwili inapishanishwa msalaba, inafungwa katikati, na chelewa inapita hapo kama mhimili. Kupishanisha ni kazi ya mtoto. Kufunga na kutoboa ni kwa mtu mzima, kwani ncha ya chelewa haina masihara na jicho. Mabawa yasipopindwa kidogo kuelekea upande mmoja, feni haizunguki. Usimwambie mtoto, mwache apinde ajaribu. Upepo ukikosekana atagundua kwamba akikimbia feni inazunguka vilevile. Ndani ya wimbo upepo unautikisa ukuti. Uwanjani mtoto ameutengeneza upepo kwa miguu yake.

Kufundisha kwa vitu vya shambani na ufukweni si jambo jipya. Mradi wa chekechea za Madrasa, aliouanzisha Bi Swafiya Said mjini Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ulitumia vifaa vya mazingira pamoja na nyimbo na hadithi za Kiswahili. Ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Bara hakuna minazi ya kutosha. Maganda ya mahindi yaliyolowekwa yanakunjika vizuri kwa mkanda wa silabi. Kwa feni, heri karatasi ngumu. Asiyewahi kuuona mnazi aonyeshwe picha kwanza, vinginevyo anaimba jina tupu.

Mwalimu mwenye watoto hamsini na nusu saa tu, achague mkanda wa mikunjo. Feni ingoje siku ambayo kuna mtu mzima wa pili darasani.