Hospitali njo iko tayari, ao ni munganga tu?

Swali hili linapendwa na wanafunzi wa afya na wa informatiki wanaotafuta kichwa cha memwari: hospitali za Lubumbashi ziko tayari kuacha fishi za karatasi na kuingia mu kompyuta? Njia ya kujibu nayo inafanana. Unagawa karatasi ya maulizo: Munganga, unajua kompyuta? Unaitaka? Mashini iko mu serivisi yako? Kisha unahesabu asilimia na kuandika: wako tayari.

Naona ile njia inapima hamu, haipimi utayari. Hamu iko na maana yake, sababu programu yenye wanganga hawaitaki inakufa haraka. Lakini munganga si mutu wa kwanza kushika fishi. Wa kwanza ni yule wa mapokezi, na yeye mara nyingi hatumuulizi kitu.

Mugonjwa wa muji wetu anatembea: leo kituo cha afya mu Katuba, kesho Sendwe, kesho kutwa Cliniques Universitaires. Kila mulango unaweza kumufungulia fishi mupya. Kompyuta haiwezi kujua yenyewe kama Ilunga Kasongo na Kasongo Ilunga ni mutu moja. Kama penisilini inamudhuru, na ile habari imebaki mu fishi ya kwanza, mu fishi ya tatu atachomwa sindano ile ile. Mashini itakuwa imeficha hatari kwa haraka zaidi kuliko karatasi.

Tuangalie Mosoriot, kituo cha afya karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka wa 2001 walianza na kompyuta mbili, pamoja na betri za akiba na umeme wa jua. Wanganga waliendelea kuandika ku karatasi; mugonjwa alibeba fomu yake toka chumba hadi chumba, na makarani njo waliingiza habari mu mashini. Kazi ile ilisaidia kuzaa OpenMRS mwaka wa 2004. Kwanza walipanga njia ya fomu na namba ya mugonjwa. Hawakungoja kila munganga ajue kompyuta.

Basi, wewe mwenye kuandaa memwari, simama kwanza ku dirisha la mapokezi. Omba, kwa ruhusa, fishi kumi za mwaka uliopita: ngapi zinapatikana, na kwa dakika ngapi? SNEL ikikata umeme, nani anaandika, na wapi? Pesa ya mradi ikiisha, nani atamulipa mwenye kuingiza habari? Nani ana ruhusa ya kusoma matokeo ya kipimo cha ukimwi, wakati sheria yetu ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023 inalinda habari za mutu?

Ukipata majibu ya maulizo haya, asilimia yako itakuwa na kitu cha kutuambia.